Tezi ya mwanangu imevimba, kwa nini daktari anasema tusubiri?

Swali

Shikamoo daktari. Nakuandikia kutoka Tabata. Mwanangu wa pili ana miaka 9. Tangu mwaka jana anakunywa maji kupita kiasi, usiku anaamka mara nne au tano kwenda chooni, na ameanza tena kukojoa kitandani wakati aliacha akiwa na miaka 3. Tumempima sukari mara tatu, iko sawa. Mama mkwe anasema ni mchango. Shuleni wenzake wanamwita kikojozi. Kaptula aliyoshonewa akiwa darasa la pili bado inamtosha. Mwisho tukaandikiwa MRI, majibu yakasema kuna uvimbe kwenye kikonyo cha tezi ya pituitari, na daktari akaandika haipofisaitisi. Ametupa dawa ya kupunguza mkojo na kutuambia turudi baada ya miezi 3 kurudia picha. Hakuna dawa ya uvimbe, hakuna upasuaji. Sipati usingizi. Je, ni saratani? Na kama ni uvimbe, kwa nini tuusubiri ukue?

Jibu

Marahaba, mama. Pole sana, na hongera kwa kung'ang'ania. Familia nyingi zikiambiwa sukari iko sawa hurudi nyumbani, mtoto akaendelea kunywa maji na kuchekwa mwaka mzima mwingine.

Nianze na neno lililokunyima usingizi, "uvimbe". Lugha yetu hapa inatuponza. Mguu ukiteguka tunasema una uvimbe. Mwanamke mwenye fibroidi tunasema ana uvimbe. Saratani ya ubongo nayo ni uvimbe. Haipofisaitisi ni uvimbe wa aina ile ya mguu, yaani tezi imevimba, haijaota kitu. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, zimeingia kwenye tezi na kuishambulia kana kwamba ni adui. Hiyo si saratani.

Lakini sitakuficha jambo. Kwa mtoto wa miaka 9, jina haipofisaitisi mara nyingi ni jina la kuazima. Tunalitumia huku tukiangalia kama litamkaa. Hii ndiyo maana ya ile miezi 3, na nitakueleza kwa nini mwenzangu aliyekuambia usubiri, kwa maoni yangu, amefanya kazi nzuri.

Pituitari ni tezi ndogo, kama punje ya mbaazi, uzito wake nusu gramu tu. Imekaa kwenye kishimo cha mfupa katikati ya kichwa, nyuma ya pua, ikining'inia kutoka kwenye ubongo kwa kikonyo chembamba, kama embe linavyoning'inia mtini. Kikonyo hicho kikiwa kizima unene wake hauzidi sana milimita 3. Sehemu ya mbele ya tezi hutoa homoni za kukuza mwili, kuiamuru tezi ya shingoni, kuamsha tezi zilizo juu ya figo, na baadaye kuleta balehe. Sehemu ya nyuma ni kama ghala. Homoni iitwayo vasopresini hutengenezwa juu yake, kwenye sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ikateremka kupitia kikonyo na kuhifadhiwa hapo. Kazi ya vasopresini ni kuziambia figo zirudishe maji mwilini zisiyamwage yote.

Kikonyo kikivimba, njia hiyo inaharibika. Figo zikikosa amri huachia maji mchana na usiku. Mtoto hakojoi kwa sababu anakunywa sana. Anakunywa sana kwa sababu anakojoa. Watu wengi hulipindua hili, na hapo ndipo watoto wanapoumia.

Kuna binti wa miaka 7 ambaye simsahau. Mama yake aliingia kliniki na dumu la mafuta ya kula la lita 5, limejaa mkojo wa siku moja, mweupe kama maji ya bomba. Alikuwa ameandika kila kitu kwenye daftari la shule: saa, vikombe vilivyoingia, vikombe vilivyotoka. Kumbe kwa wiki mbili bibi mtu, kwa nia njema kabisa, alikuwa akilifungia jagi kabatini kila ikifika magharibi ili mtoto asiloweshe godoro. Usiku mmoja wakamkuta bafuni anakunywa kwenye ndoo ya kudekia. Alipofika kwetu midomo imepasuka, macho yameingia ndani, na chumvi ya damu, ile tunayoiita sodiamu, ilikuwa 158. Kawaida ni kati ya 135 na 145. Angechelewa siku mbili angeanza degedege.

Kwa hiyo mama, kabla ya yote: usimnyime mwanao maji, hata kwa usiku mmoja, hata kwa majaribio. Kipimo cha kumzuia mtoto maji kipo, lakini hufanyika wodini, mtoto akipimwa uzito kila saa na mkojo na damu vikichukuliwa, na muuguzi akiwa pembeni tayari kukisimamisha. Nyumbani hakifanyiki.

Sasa nije kwenye saratani, maana ndilo swali lako kubwa.

Kwa watu wazima, ugonjwa huu wa tezi kushambuliwa na kinga ya mwili hupata zaidi wanawake, hasa mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Maelezo ya kwanza yaliandikwa mwaka 1962 na madaktari wawili, Goudie na Pinkerton, kuhusu mama wa miaka 22 aliyefariki zaidi ya mwaka mmoja baada ya kujifungua, saa chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Walipoifungua maiti waliikuta pituitari imejaa chembe nyeupe za damu. Kidole tumbo peke yake hakikueleza kifo kile. Mwili wake haukuwa na homoni ya kukabili kishindo cha maradhi na upasuaji. Nitarudi kwenye homoni hiyo, kwa sababu inamhusu mwanao pia.

Kwa watoto ugonjwa huu ni adimu, na sura yake ni hii hii unayoiona nyumbani: kiu na mkojo kwanza, kisha urefu kusimama. Tatizo ni kwamba kikonyo kilichonenepa kwenye picha hakisemi kimenenepeshwa na nini. Yapo mambo matatu yanayoweza kujificha nyuma ya picha ile ile.

La kwanza, na ndilo linalotushughulisha zaidi, ni jeminoma. Huo ni uvimbe wa kuota, na kweli ni aina ya saratani. Tabia yake ni ya kuvizia. Unaweza kuanza na kiu na mkojo peke yake, kikonyo kikiwa kimenenepa kidogo tu au hata picha ikionekana safi, kisha ukajionyesha baada ya mwaka au zaidi. Hata kinyama kikikatwa mapema kikapelekwa maabara, kinaweza kuonyesha chembe nyeupe tupu, kwa sababu mwili huukusanyia uvimbe huo askari wengi kiasi cha kuufunika. Wapo watoto duniani walioandikiwa haipofisaitisi baada ya kukatwa kinyama, na baadaye ikaonekana ni jeminoma. Najua neno saratani limekuchoma, basi usikie na upande wa pili: jeminoma ni miongoni mwa saratani za kichwani zinazotibika vizuri kuliko nyingi. Kwa mionzi, au dawa pamoja na mionzi, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hupona pale matibabu yanapopatikana kikamilifu.

La pili ni histiosaitosisi ya Langerhans, jina gumu la ugonjwa ambao chembe fulani za kinga huzaliana ovyo na kula mifupa, ngozi na wakati mwingine kikonyo cha pituitari. Hapo daktari huangalia utosi kama una magamba sugu yanayofanana na mba, sikio linalotoa usaha miezi na miezi bila kusikia dawa, au kibonyeo kwenye fuvu. Kama mwanao amewahi kuwa na lolote kati ya hayo, liseme hata kama halikuulizwa.

La tatu ni kifua kikuu. Si kawaida kukaa kwenye pituitari, lakini sisi tunaishi Dar es Salaam, siyo Oslo. Je, kuna mtu nyumbani au jirani wa karibu aliyekohoa muda mrefu, au aliyewahi kutumia dawa za TB? Mtoto amepigwa picha ya kifua? Kama hajapigwa, omba apigwe.

Ukishayaweka hayo matatu mezani, utaona kwa nini daktari hakukimbilia "dawa ya uvimbe". Dawa ambayo wengi wangeitaja ni predinisoloni au ndugu zake kwa dozi kubwa. Inatuliza kinga, na haipofisaitisi ya kweli inaweza kunywea nayo. Ila jeminoma nayo hunywea kidogo kwa muda, kwa sababu wale askari waliouzunguka hutawanyika. Picha inayofuata inaonekana nzuri, familia inafurahi, wanaacha kuja, na uvimbe unaendelea kimya kimya. Kama ni TB, predinisoloni bila dawa za TB ni kuwafungulia vijidudu mlango. Mimi dozi hiyo kubwa huitoa mapema pale tu panapokuwa na sababu ya haraka, mfano macho yanapoanza kupoteza uoni au kichwa kinapouma kupita kiasi kwa sababu tezi inasukuma.

Vilevile kwa kisu. Kukata kinyama kwenye kikonyo chembamba namna ile kunaweza kukiharibu kwa jumla, na kama kikonyo kimenenepa kidogo tu, kipande kinachopatikana mara nyingi hakitoshi kutoa jibu. Kikifika kama milimita 6 au 7, au kikionekana kinakua kati ya picha na picha, mizani inageuka na upasuaji wa kuchukua kinyama unakuwa na maana. Muulize daktari wako namba hii: kikonyo cha mwanangu kina milimita ngapi? Iandike. Ni namba muhimu kuliko neno lolote kwenye ripoti ile.

Na sehemu kubwa ya haipofisaitisi ya kweli kwa watoto hutulia yenyewe. Kikonyo hurudi wembamba wake baada ya miezi. Homoni iliyopotea, hasa vasopresini, mara nyingi hairudi, na hilo uanze kulizoea taratibu. Lakini mtoto anayepewa homoni yake kila siku anasoma, anacheza mpira, anakua, anaoa.

Kusubiri huku si kukaa bure. Katika miezi hii 3 zipo kazi, na kama kuna ambayo haijafanyika unayo haki ya kuuliza. Damu ipimwe alama mbili ambazo baadhi ya uvimbe wa jamii ya jeminoma huzitoa, alfa-fetoprotini na beta-hCG. Wakati mwingine hupimwa pia kwenye maji ya uti wa mgongo. Zikiwa juu, jina limebadilika bila kisu. Zikiwa chini, hatujamaliza, maana jeminoma nyingi hazizitoi kwa wingi. Macho yapimwe na daktari wa macho, na asiishie kusomesha herufi ukutani, apime uoni wa pembeni, kwa sababu mishipa ya macho inakutana juu kidogo ya tezi hii. Nyumbani utaona mtoto akigonga mabega kwenye fremu za milango au kukosa mpira unaokuja kwa ubavuni.

Picha ya marudio iwe MRI ya pituitari yenyewe, yenye vipande vyembamba na sindano ya rangi. MRI ya kichwa kwa ujumla haitoshi. Ile bahasha kubwa ya picha ya kwanza, pamoja na CD yake, iweke mahali pakavu na uende nayo. Nimeona watoto wakirudiwa picha hospitali nyingine bila ile ya zamani, na msomaji wa picha hana cha kulinganisha. Ikiwa sawa, itarudiwa kila miezi 3 hadi 6, na ufuatiliaji utaendelea kwa miaka. Usiache kwa sababu mtoto anaonekana mzima.

Sasa yale yasiyosubiri. Hapa naomba usome taratibu.

Nilikuambia kuhusu yule mama wa 1962. Homoni aliyoikosa inaitwa kotizoli, na pituitari ndiyo inayoiamuru. Mtoto asiye na kotizoli anaweza kuonekana mzima siku za kawaida, kisha malaria moja au kuhara kwa usiku mmoja kukamwangusha ndani ya saa chache: anatapika, analegea, sukari inashuka, presha inashuka. Je, mwanao alipimwa kotizoli ya asubuhi, saa mbili hivi? Kama hakupimwa, usingoje miezi 3. Nenda wiki hii. Ikionekana iko chini atapewa haidrokotizoni ya vidonge kila siku, na utafundishwa kuongeza dozi mara mbili au tatu akiwa na homa, na kumkimbiza hospitali kwa sindano akitapika vidonge. Homa ikija huku kwetu tunapima malaria na kuanza mseto, na hiyo ni sawa, ila kwa mtoto aliyepungukiwa kotizoli mseto bila kuongeza haidrokotizoni hautoshi. Akionekana ana upungufu huo, andika kwenye karatasi, ikae kwenye begi lake la shule: "Nina upungufu wa kotizoli. Nikizidiwa nichomwe haidrokotizoni kwanza."

Kuna jambo linalowachanganya hata wahudumu wa afya. Ukosefu wa kotizoli huficha ule mkojo mwingi. Kwa hiyo mtoto akianza haidrokotizoni, kiu na mkojo vinaweza kuzidi. Dawa haijamdhuru. Imefichua kilichokuwa chini, na dozi ya dawa ya mkojo itarekebishwa.

Tezi ya shingo nayo ipimwe, na hapa kipimo cha TSH peke yake hudanganya. TSH inatoka kwenye pituitari hiyo hiyo yenye ugonjwa, inaweza kusomeka kawaida huku mtoto amepungukiwa. Kipimwe na kiwango cha thairoksini huru, yaani homoni yenyewe ya tezi ya shingo. Na kama atahitaji thairoksini, isitangulie haidrokotizoni pale kotizoli ilipo chini. Kutanguliza thairoksini kunaweza kumwangusha.

Hiyo dawa ya kupunguza mkojo uliyopewa bila shaka ni desmopresini, ndugu wa vasopresini aliyetengenezwa maabara. Ni dawa nzuri mno. Usiku wa kwanza tu nyumba nzima italala. Hatari yake ni kinyume cha ile ya mwanzo. Mtoto aliyezoea kunywa lita na lita akiendelea kunywa kwa mazoea wakati figo sasa zinashika maji, damu inazimuka na chumvi inashuka. Anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa, anaweza kupata degedege. Kwa hiyo anywe kiu inapomtuma, asilazimishwe na asizuiwe. Na kila siku kuwe na kipindi kifupi kabla ya dozi inayofuata ambapo mkojo mwingi mweupe unatoka. Ukiuona, ndipo umpe dozi. Usipouona, mpigie daktari kabla ya kumpa. Sodiamu ipimwe mara kwa mara wiki za mwanzo.

Joto la Dar kuanzia Desemba hadi Machi litamwongezea kiu. Aende shule na chupa yake kubwa. Nenda umwone mwalimu wa darasa ana kwa ana, usitume ujumbe, umwombe mambo mawili: chupa ikae mezani, na ruhusa ya chooni isiombwe mbele ya darasa. Na kama ni familia ya kufunga, Ramadhani huyu asijaribu kufunga hata nusu siku.

Urefu wa ile kaptula umenigusa. Mtoto wa umri wake huongezeka sentimita 5 hivi kwa mwaka. Chini ya 4 tunashtuka. Mpime leo ukutani, visigino vimegusa ukuta, kitabu kigumu kichwani, weka alama ya kalamu na tarehe, kisha rudia kila baada ya miezi 3. Homoni ya kukuza mwili ipo, ni sindano ya kila jioni, lakini daktari ataichelewesha makusudi hadi awe na hakika kwamba kwenye kikonyo hakuna kitu kinachoota. Huko nako kusubiri kusikuvunje moyo.

Muhimbili wapo madaktari bingwa wa homoni za watoto. Mwaka 2008 Nairobi yalianza mafunzo ya fani hii kwa madaktari wa nchi zetu, na Watanzania wamepita huko. Wapasuaji wa ubongo wa MOI, taasisi ya mifupa na ubongo, wako eneo hilo hilo, na Ocean Road, hospitali ya saratani, haiko mbali endapo mionzi itahitajika. Kama hujaandikiwa rufaa ya kliniki ya homoni, iombe. Na usisubiri tarehe yako ikitokea kichwa kuuma asubuhi pamoja na kutapika, macho kufifia, usingizi usio wa kawaida, degedege, au kushindwa kunywa.

Kuhusu mama mkwe, usigombane naye. Mweleze kwamba kuna kikonyo kichwani kimevimba, kama kifundo cha mguu kinavyovimba, na hakuna dawa ya mti inayofika huko. Za mchango zisimame, kwa sababu hatujui zinafanya nini kwa mtoto ambaye chumvi yake ya damu inapanda na kushuka. Kisha mpe kazi. Mnunulieni jagi lenye alama za mililita na daftari, aandike kila kinachoingia na kila kinachotoka, siku tatu mfululizo kabla ya kila kliniki. Yule bibi aliyekuwa akifungia jagi kabatini ndiye aliyekuja kuwa mwandishi wetu bora, mpaka dakika alikuwa anaandika.